Sekunde Sifuri za Laini Kumi na Moja

Benchi la kijiwe cha Kanyenye ni la mninga, limeegemea ukuta wa duka lililofungwa, na watu hulikalia kwa utaratibu zaidi kuliko ukumbi wowote wa mikutano mjini Tabora. Upande wa jua hukaa Twalibu, fundi simu, anayeitwa Mnara kwa kuwa hakuna habari inayopita bila yeye kuinasa. Katikati ni mzee Yaser, karani mstaafu, aliyepewa jina la Itifaki tangu siku aliyokataa kuhamia kivulini mpaka aombwe rasmi. Anayemfuata ni mzee Thabit, muuza vitambaa wa Mtendeni, aitwaye Msafara, maana hadithi yake yoyote, hata ikiwa ya nyanya, huanzia Bagamoyo na kwenda Ujiji na kurudi kabla haijafika sokoni. Abasi mwenye birika hakai, anamimina. Nafasi inayobaki, yenye msumari, ni ya Modest Limbu, karani wa masjala katika Mzinga Mmoja, ushirika wa wafuga nyuki ambao ofisi yake iko ng'ambo ya barabara. Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, Modest alikuja na gazeti kwapani akaukalia msumari bila kushtuka, ndipo wenzake wakajua kuna jambo.

– Masjala, umekalia msumari, alisema Twalibu.

– Najua.

– Hujui. Anayejua husogea.

Modest akasogea. Akalifungua gazeti, na ndani yake mlikuwa na rundo la karatasi zilizogongwa mhuri mwekundu wa SIRI, mmoja kila ukurasa, na kwenye ukurasa wa juu miwili, kwa wale wasioelewa upesi.

– Hizo mimi sijaziona, alisema Yaser, huku akivaa miwani.

– Wiki iliyopita tuliletewa boksi jeusi kutoka Dar, Modest akaeleza. Limefungwa ukutani, lina taa ya kijani. Kila simu ya ofisi inayoingia au kutoka, linaandika. Nani kapiga, kapiga laini ipi, saa ngapi, wameongea sekunde ngapi.

– Na walichoongea? aliuliza Thabit.

– Hapana. Sauti hairekodiwi.

Abasi alisimamisha birika hewani.

– Hilo ndilo baya zaidi, alisema Twalibu. Wakikusikiliza utajitetea, utasema, jamani, nilikuwa naulizia mchele. Wakiandika tu kwamba saa mbili usiku uliongea dakika arobaini na namba ya mama Fulani, utajitetea na nini?

– Wewe uliongea dakika arobaini na mama gani? aliuliza Abasi.

– Nimetoa mfano, Abasi. Mimina.

Modest hakuwa na moyo wa kucheka. Jambo lenyewe aliliweka mbele yao kama alivyopewa. Miezi minne sasa lori la ushirika likifika kijijini kukusanya asali linakuta ndoo tupu. Mnunuzi binafsi amepita jana yake. Meneja amekwishaamua kwamba kuna mtumishi anayevujisha ratiba ya lori kwa simu. Ndiyo maana ya boksi. Lakini leseni iliyolipiwa inaruhusu laini sita tu, na ofisi ina laini kumi na nne. Kwa hiyo Modest, kwa kuwa ndiye mwenye mafaili, amepewa fomu yenye visanduku sita azichague laini za kufuatiliwa, na fomu ifike mezani saa nane.

– Akuchagulie yeye, alisema Yaser.

– Aliniambia nichague kwa uhuru wangu wote. Kisha akachukua kalamu nyekundu kuusaidia uhuru. Akakata laini yake. Akakata ya makamu wake, na ya mwenyekiti. Akakata ya mhasibu, ambaye ni shemeji yake. Akakata ya chumba cha mikutano, kwa heshima ya wageni. Akakata mbili za bodi.

– Bodi hukutana lini?

– Mara moja kwa mwaka.

– Zimebaki saba, alisema Yaser, aliyekuwa akihesabu kwa vidole. Una uhuru wa kuacha moja.

– Lango, ghala, kantini, gereji, maabara, masjala na ile laini namba kumi na moja.

– Masjala si ndiyo yako?

– Ndiyo yangu.

– Basi kazi imekwisha, alisema Twalibu. Unajiacha wewe, unakunywa kahawa.

– Mwenye kuchagua akijiacha amejitaja, alisema Yaser. Nimeona watu wakistaafishwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

– Sikuja kwa hilo, Modest akasema. Nimekuja kwa sababu ya kisanduku cha sita. Hicho kina mstari wa ziada chini yake: jina la mtumishi anayeshukiwa zaidi. Atakayeandikwa pale anapewa barua ya kusimamishwa kazi leo jioni. Barua nimeichapa mwenyewe. Imebaki nafasi ya jina.

Abasi akamimina kikombe ambacho hakuna aliyekiagiza, akakinywa mwenyewe.

Thabit ndiye aliyevuta karatasi kwanza. Fundi wa boksi alikuwa ameziacha zimsaidie Modest: simu za wiki moja ya majaribio, laini zote. Laini ya lango ilikuwa na simu thelathini na tisa. Gereji hamsini. Kantini sabini, nyingi saa tano na nusu, muda wa kuulizia kama kuna maharage au nyama. Kisha zikaja kurasa za laini kumi na moja, nazo hazikwisha. Thabit alifunua, akafunua, akamkabidhi Yaser, na Yaser akafunua.

– Ngapi hizi?

– Mia sita na kumi na mbili, alisema Modest.

– Kwa mwaka?

– Kwa wiki.

Twalibu aliinuka kutoka upande wake wa jua, jambo ambalo halijapata kutokea kabla ya adhuhuri. Aliinama juu ya karatasi, kidole chake chenye alama za risasi ya kuchomelea kikashuka kwenye safu ya mwisho.

– Sifuri, alisoma. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Masjala, zote ni sekunde sifuri.

– Nimeona.

– Simu mia sita na kumi na mbili na hakuna aliyesema hata haloo. Jamani, hizi ni bip.

Neno hilo liliwashtua kwa namna ambayo mtu wa mbali asingeelewa. Benchi zima liliendeshwa kwa bip. Abasi akimbip Modest mara moja, kahawa imeiva. Mara mbili, imeiva na ina tangawizi. Mke wa Twalibu akibip, unga umekwisha. Mzee Yaser alikuwa na bip yake ya kuwajulisha watu kwamba hakusudii kubip tena. Kwao simu ya sekunde sifuri haikuwa simu hata siku moja. Ilikuwa ujumbe uliokamilika, na mwenye kuupata alijua maana yake.

– Huyo ni jasusi, alisema Twalibu polepole. Tena mwenye akili. Hakuna sauti, hakuna meseji, hakuna ushahidi. Bip moja, lori Jumatatu. Bip mbili, Jumanne.

– Bip mia sita zina siku ngapi? aliuliza Abasi.

– Kuna saa humo, kuna namba ya gari, kuna jina la dereva. Usiingilie mambo ya kitaalamu.

– Mnafikiri kidogo, alisema Thabit, na wote wakajua wanaanzia Bagamoyo. Mji huu tangu zamani ni njia panda. Pembe zilipita hapa, nguo zilipita hapa, na habari ilitembea mbele ya mizigo. Kiongozi wa msafara alikuwa bado yuko Ugogo, huku Unyanyembe watu wanajua amebeba nini. Nani aliwaambia? Hii laini ni njia ileile. Asali yenu inakwenda Ujiji, inavuka ziwa, inarudi imeandikwa kitu kingine kwenye chupa.

– Kiofisi, alisema Yaser, mwanachama wa kawaida hana muda wa kupiga mara mia sita. Hii ni taasisi. Inatupima. Inataka kujua ushirika una ustahimilivu kiasi gani.

– Taasisi gani?

– Ingejulikana isingekuwa taasisi.

– Au nyuki, alisema Abasi. Si wanasema minara inawachanganya nyuki? Labda na nyuki wanaichanganya minara.

Ilionekana wazi kwamba wawili kati yao walilifikiria.

Twalibu akatoa simu yake. Alikuwa na ujanja unaojulikana na kila mtu mjini: unaandika namba kana kwamba unataka kuitumia pesa, na kabla hujathibitisha, mtandao wenyewe unakutajia jina la mwenye namba. Yaser alisema kwamba kuna sheria ya taarifa za watu, na kwamba jambo hilo halifai, na kwamba Twalibu ageuze simu kidogo maana jua linampiga kwenye kioo.

– Namba ya kwanza, alisema Twalibu. Recheli Eliya. Kapiga mara ishirini na nane.

– Andika, alisema Thabit.

– Ya pili. Apolinaria Nikolaus. Mara thelathini na moja. Ya tatu... Eliya tena. Ya nne, Yeremia. Ya tano, Anastazia.

– Hiyo ni kwaya, alisema Thabit.

– Kwaya gani yenye Wakatoliki na Wamoraviani pamoja, mzee?

– Ndiyo maana nashtuka.

– Si watu hao, alisema Twalibu. Ni laini zilizosajiliwa kwa majina ya wanakijiji wasiojua. Yupo mtu mmoja tu, ana mfuko wa laini, anazibadilisha. Masjala, andika kumi na moja kisanduku cha sita, huna haja ya kufikiri. Laini hiyo ni ya nani?

Modest alikuwa akilingoja swali hilo tangu alipoukalia msumari. Alitoa daftari la simu za ofisi, akalifungua kwenye ukurasa wake, akalielekeza kwa Twalibu ili Thabit asilione. Lakini Twalibu husoma kwa sauti hata risiti.

– Kumi na moja. Mahusiano ya wanachama. Fakhria...

Akanyamaza, akiwa amechelewa kwa neno moja.

Thabit aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Kaka yake marehemu aliacha mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa Fakhria.

– Fakhria huyu wa kwetu? aliuliza.

– Ndiye, mzee.

– Huyu aliyenikemea mwezi mzima kwa kuongeza sukari kwenye chai ya futari? Huyu ndiye mkuu wa msafara?

Hakuna aliyemwangalia. Dakika tano zilizopita asali ilikuwa imevuka ziwa kwa kauli yake mwenyewe.

– Tena Fakhria yuko ghalani, Thabit akaendelea, na sauti yake ikawa ndogo. Tangu Januari anapima nta. Kila jioni ananukia nta. Hiyo meza ya mahusiano hakai.

– Ni kweli, alisema Modest. Daftari ndilo halijarekebishwa. Kulirekebisha kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji akidi.

– Basi waambie.

– Nimemwambia Meneja asubuhi. Akasema daftari ndilo linalotambulika.

– Kiofisi yuko sahihi, alisema Yaser, kisha akaona uso wa Thabit. Kibinadamu sijasema.

Modest aliishika kalamu. Alikumbuka mwaka wake mwenyewe wa kwanza kazini, Fakhria alivyomkuta amekaa sakafuni katikati ya mafaili mia mbili yaliyomwagika, akafunga mlango, akakaa chini naye, wakayapanga mpaka magharibi, wala hakumwambia mtu. Alikumbuka pia kwamba yeye mwenyewe ana watoto wawili shuleni, na kwamba laini ya masjala ni yake, na kwamba Meneja, asipoliona jina alilolitarajia, ataanza kulitafuta jirani.

– Andika mlinzi wa lango, alisema Twalibu kwa sauti ya chini. Yule analala. Mtu anayelala hata akisimamishwa hatajua.

– Mlinzi ana watoto sita.

– Andika kantini.

– Kantini ni mama yake mlinzi.

– Mimi nitakunywa sumu kwenye kahawa hii hii, alisema Thabit, mkiandika jina la mtoto yule mbele yangu. Nendeni mkaandike kwingine.

Modest alitazama saa. Saa tano na robo. Akaegemeza fomu kwenye goti, akaandika namba tano za mwanzo, na kwenye kisanduku cha sita akaandika kumi na moja, kwa kuwa mia sita na kumi na mbili hazifichiki. Kwenye mstari wa chini akaanza herufi moja, F, kalamu ikakataa kwenda mbele, au mkono ndio uliokataa.

– Mwangaluka, ilisalimu kwa Kinyamwezi sauti juu yao.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, kitenge kimefungwa kwa safari, viatu vina vumbi la barabara ya Ntalikwa, na mkononi ameshika mfuniko wa ndoo kama mtu ashikavyo sinia.

– Mwangaluka, mama. Shikamoo, alisema Modest, akisimama.

– Marahaba. Nimetoka ofisini kwenu. Mlinzi kaniambia mtu anayejua mambo yalipo anakunywa kahawa hapa.

– Nani, mimi?

– Kasema yule mwenye kukaa kwenye msumari. Mwanangu, nauliza tu, lori la asali linakuja lini kwetu? Ndoo zangu tisa zina mwezi na nusu. Joto hili, mbili zimeanza kutoa povu. Kesho asubuhi anapita yule mnunuzi mwingine, na mimi nimemwambia ngoja kwanza, nina ushirika wangu. Nisipopata jibu leo nitampa. Siwezi kumwaga asali kwa ajili ya uanachama.

– Mama, ungepiga simu tu, alisema Yaser. Utaratibu upo.

– Nimepiga, baba. Mkono umechoka.

Akaugeuza mfuniko. Ulikuwa na karatasi ya njano iliyobandikwa na ushirika, picha ya nyuki anayecheka, na maandishi: KERO? USHAURI? TUPIGIE. Chini yake namba. Twalibu aliitazama namba ile, akatazama juu ya ukurasa wa laini kumi na moja, akarudi kwenye mfuniko, akaona ni ileile.

– Mama, samahani. Jina lako nani?

– Apolinaria Nikolaus.

Birika la Abasi liligonga kikombe. Thabit alisema jina la Mungu taratibu.

– Mara thelathini na moja, alisema Twalibu. Mama, ulikuwa unabip?

– Nibip nini, na kwa nani? Nimepiga. Inaita, inaita, mpaka inakata yenyewe. Nikapiga tena. Na Recheli na mumewe wamepiga. Baadaye tukagawana zamu, wa asubuhi na wa jioni, tukidhani labda mnakwenda kula. Mimi Ntalikwa ni karibu, nimekuja. Wale wa ndani huko watakuja vipi?

Modest alizitazama kurasa zile. Safu ya sifuri iliteremka mpaka chini, ikaanza tena juu ya ukurasa uliofuata. Kwa mara ya kwanza tangu azipokee alizisoma kama simu.

– Na huyo mnunuzi, aliuliza, nani anamwambia ratiba ya lori letu?

– Ratiba? Apolinaria alimtazama kwa mshangao wa kweli. Yule hana habari na lori lenu. Alipita kila nyumba akaacha namba yake. Ukipiga, yeye anapokea.

Pikipiki ilipita, ikapita nyingine. Yaser alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena.

– Sasa, wanangu, alisema Apolinaria, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehakikisha hajamruka yeyote. Hiyo simu yangu inalia chumba gani?

Yaser alifungua kinywa. Kiofisi, kulikuwa na jibu. Alilitafuta, hakulipata, akakifunga. Twalibu, anayejua minara yote kutoka hapa mpaka Nzega, aliangalia ardhi. Thabit alisema kwamba Fakhria aliiacha mezani, hiyo anajua, aliiacha mezani Januari. Modest akaifuata ile meza kwa mawazo. Ilitolewa mwezi wa pili walipokigawa chumba kwa mbao. Nusu moja ikawa stoo ya kalenda, nusu nyingine ikapewa mtu ambaye hajaripoti mpaka leo. Meza ilikwenda maabara, au bodi. Simu ilikuwa juu ya meza, au ndani ya boksi la kalenda, au imezungushiwa nta mahali, inaita. Alipita kila mlango wa ofisi ile kichwani mwake na hakuna mlango aliokuwa na uhakika nao.

Simu yake mwenyewe ililia mara moja ikakata. Meneja. Bip moja kutoka kwa Meneja ilimaanisha leta.

Modest hakwenda mbio. Aliichukua fomu yenye visanduku sita na herufi moja, akamkabidhi Thabit.

– Nishikie, mzee. Nikirudi na jina, nitaliandika. Nisiporudi nalo, ichane.

– Imegongwa SIRI, alisema Yaser.

– Ndiyo maana nimempa mtu mzima.

Kisha akamgeukia Apolinaria.

– Mama, simu yako ina chaji?

– Inayo. Niliichajisha kwa ajili yenu.

– Basi twende. Wewe utapiga, mimi nitatega sikio milangoni. Tutaanzia chini.

Wakavuka barabara, yeye mbele, mama nyuma na mfuniko wake. Mlinzi wa lango aliamka, akawaza kidogo kazi yake ni nini, akauliza wanakwenda chumba gani.

– Piga, mama, alisema Modest.